Neno "Burro" la Kihispania na Shida ya Kulifasiri

Kijana mmoja ajifunzaye Kihispania alituletea karatasi yake ya tafsiri, tuisome kabla hajaipeleka kwa mwalimu wake. Karatasi ilikuwa na sentensi saba, na kila sentensi ilikuwa na neno burro ndani yake. Kijana alikuwa amefungua kamusi, akaona ya kuwa burro ni punda, akaandika "punda" mara saba, akaridhika. Sisi tulipoisoma tuliona ya kuwa punda mwenyewe, mwenye miguu minne na masikio marefu, alikusudiwa katika sentensi moja tu, ile ya mtu wa shamba apelekaye zeituni kinuni. Sentensi mbili zilikuwa za vyombo vya kazi, tatu zilikuwa za misemo, na ya saba ilikuwa imetolewa katika kitabu cha Juan Ramón Jiménez kiitwacho Platero y yo, yaani "Platero na mimi". Hiyo ya saba ilitushinda kuisahihisha hapo hapo, tukamwomba kijana atuachie karatasi siku chache. Haya tuyaandikayo ndiyo majibu yetu kwake. Twayatoa hadharani kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni waalimu, na sentensi ile ya saba yatuhusu sisi waalimu kuliko mtu mwingine awaye yote.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Wahispania wana majina mengi ya mnyama huyu, wala hayalingani heshima. Asno ni jina la kale, litokalo katika Kilatini asinus, nalo ndilo la vitabuni. Jumento ni mnyama wa mizigo, neno la watu wasomi. Pollino ni mwana-punda. Borrico latoka katika neno la Kilatini cha siku za mwisho, burricus, ambalo maana yake ilikuwa farasi mdogo. Na burro si neno jingine ila ni borrico lililokatwa mkia. Basi neno hili lilipozaliwa halikuwa na tusi ndani yake hata kidogo. Lilikuwa jina la farasi aliyekosa kimo. Tusi liliongezwa na watu baadaye, kama vile mzigo uongezwavyo juu ya mnyama aliyekwisha kusimama tayari.

Na mnyama mwenyewe, ikiwa msomaji apenda kujua, si mwenyeji wa Hispania. Wataalamu waliochunguza urithi wa damu ya punda wa nchi nyingi walitangaza mwaka 2022 ya kuwa punda wote wafugwao duniani asili yao ni moja, nayo ni punda wa mwitu wa Afrika, waliofugwa mara ya kwanza yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo mtu wa Afrika asomaye habari za burro wa Hispania asoma habari za jamaa aliyesafiri mbali.

Sasa twende kwenye vile vyombo vya kazi. Seremala wa Kihispania ana kiunzi cha miguu minne ambacho hulaza gogo juu yake apate kulipiga msumeno. Kiunzi hicho ni burro. Huko Mexico, ubao wa kupigia pasi ni burro, na ngazi ya kukunja yenye miguu pande mbili ni burro pia. Sababu yaonekana mara moja: kila kitu kinachosimama kwa miguu, kikabeba kilichowekwa juu yake, kisinung'unike, chastahili jina hilo. Chakula kiitwacho burrito, yaani punda mdogo, nacho ni cha Mexico: ni mkate mwembamba wa ngano uliokunjwa na maharagwe au nyama ndani yake. Watu hubishana kwa nini kikaitwa hivyo, nasi hatutaingia katika ugomvi wa wapishi. Yatutosha kuona ya kuwa katika maneno haya yote burro ni mhudumu, wala hakuna anayemcheka.

Misemo ndiyo yenye utamu zaidi, na ndipo kijana wetu alipopotea sana. Wahispania humsema mtu mwenye macho mabovu ya kuwa haoni watatu juu ya burro. Ni kama kusema: watu watatu wamepanda mnyama mmoja, kichekesho cha kumshangaza kila apitaye njiani, na huyu hakioni. Mtu akishikilia kosa lake, kisha akakubali kushindwa, husemwa ya kuwa ameshuka katika burro. Hapa punda ni ukaidi, na mtu ameupanda ukaidi wake kama mnyama. Kijana aliandika "ameshuka juu ya punda," na asomaye angedhani kuna safari iliyokwisha.

Lakini msemo uliotupendeza kuliko yote ni ule wasemao waalimu na wazazi wa Hispania mtoto anapojitaja kwanza. Mtoto akisema, "Mimi na Pedro tulikwenda mtoni," mara hujibiwa: burro mbele, asije akashtuka. Maana kwa adabu ya Kihispania yapasa kumtaja mwenzio kwanza na nafsi yako mwisho. Nani basi aliyetangulia mbele ya msafara? Punda, kwa kuwa akiachwa nyuma huogopa. Mtoto acheka, naye amejifunza sarufi na adabu kwa pigo moja. Walakini tafsiri ya msemo huu kwa Kiswahili haiwezekani kwa maneno matupu, kwa sababu sisi husema "mimi na Pedro" pasipo kumvunjia mtu heshima. Mswahili asomaye "punda mbele" atangoja aone mzigo gani umebebwa. Mfasiri hana budi kueleza, au kutafuta kosa jingine la adabu lililo la kwetu, au kuuacha msemo. Sisi twaona heri auache kuliko kumtesa msomaji.

Na hapa pana tofauti ambayo kamusi haiwezi kuionyesha. Waswahili nao wana misemo ya punda, na iliyo maarufu ni hii: fadhila za punda ni mateke. (Wako wanaoumaliza msemo huo kwa neno jingine, waliokulia pwani walijua, na wasiolijua hawatalisoma hapa.) Tena twasema: punda afe, mzigo ufike. Ukiitazama misemo hii utaona ya kuwa kosa la punda wa Kiswahili ni kutokuwa na shukrani, na taabu yake ni kutohurumiwa. Burro wa Kihispania yeye hashitakiwi sana kwa mateke. Mashitaka yake ni ujinga na ukaidi. Ni kweli ya kuwa siku hizi mtu mjinga aitwa punda hata kwetu, wala hatusemi ya kuwa tusi hilo ni geni. Lakini mizizi ya neno katika misemo ya kale si ile ile. Hata huruma zao hazifanani. Wahispania husema: burro akisha kufa, shayiri mkiani, yaani kumlisha mnyama wakati ambapo hana tena kinywa cha kulia, tena kwa upande usiofaa. Sisi hatuna msemo wa punda unaosema hivyo, ingawa jambo lenyewe twalijua sana, hasa katika mazishi.

Msomaji asidhani lakini ya kuwa neno hili ni la dharau tu, au la vyombo tu. Katika Maandiko Matakatifu yaliyofasiriwa kwa Kihispania na Casiodoro de Reina, yakachapwa mwaka 1569, mnyama wa Balaamu na mnyama aliyempanda Bwana wetu alipoingia Yerusalemu huitwa kwa majina ya heshima, asna na pollino. Burro lilikuwa neno la zizini. Walakini katika tafsiri ya lugha nyepesi iliyokamilika mwaka 1979, burra na burrito wameingia katika Injili yenyewe, na watu wa kawaida waliwapokea bila kushtuka. Tena watu walikuwa wametangulia mbele ya wafasiri. Katika miji mingi ya Hispania msafara wa Jumapili ya Matawi wajulikana kwa jina la La Borriquita, maana yake punda jike mdogo, na watoto hutembea ndani yake wakiwa na makuti mikononi. Hakuna asikiaye tusi katika jina hilo. Ile silabi ndogo iliyoongezwa mwishoni mwa neno, ambayo Wahispania huitumia kama sisi tutumiavyo ki- tunaposema kijito na kijiji, yatosha kugeuza neno likawa la mapenzi. Basi kinywa kile kile kilichomwita mwanafunzi burro siku ya Ijumaa, Jumapili huimba nyuma ya borriquita.

Tukiisha kujua hayo, twaweza kuwapima waandishi na wachoraji wao, ili tuone nani alilitumia neno hili vema.

Tomás de Iriarte alichapisha hadithi zake za wanyama mwaka 1782, nazo zote zahusu makosa ya waandishi. Moja ni ya punda aliyekuta filimbi iliyosahauliwa na mchungaji. Punda akainusa, akatoa pumzi puani, pumzi ikaingia katika filimbi, ikalia. Punda akajisifu ya kuwa ajua kupiga muziki. Fundisho lake ni juu ya watu wasiojua kanuni za kazi yao, wakapata jambo jema mara moja kwa bahati, wakajiona mafundi. Hadithi ni fupi, imekazwa vizuri, na Wahispania mpaka leo wakiona mtu amebahatisha huitaja filimbi ile. Hata hivyo sisi hairuhusu mioyo yetu kuisifu mpaka mwisho. Punda hakutenda kosa lo lote, alipumua. Majisifu yalitiwa kinywani mwake na Iriarte. Mnyama huyu amechaguliwa kwa kuwa jina lake limekwisha kuwa tusi, na mwandishi hakuhitaji kuthibitisha kitu: alipomtaja burro, msomaji alikuwa amekwisha kuhukumu. Hiyo ni njia rahisi ya kushinda kesi.

Francisco de Goya alikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 1799 alianza kuuza Madrid mkusanyo wa picha 80 zilizochapwa kwa bamba za shaba, uitwao Los Caprichos. Picha sita zinazofuatana, tangu ya 37 hata ya 42, ni za punda. Katika ya kwanza, punda mkubwa ni mwalimu, na mbele yake punda mdogo afundishwa herufi A. Chini yake Goya ameuliza kama mwanafunzi atajua zaidi. Katika nyingine, punda aliyevaa nguo nzuri afungua kitabu cha ukoo wake, na kila ukurasa una punda, mpaka babu yake. Katika nyingine, punda tabibu ashika mkono wa mgonjwa aliye karibu kufa, kana kwamba apima mapigo ya damu, na swali lililo chini ni mgonjwa huyu atakufa kwa ugonjwa gani. Hapana haja ya kumweleza msomaji jibu. Na ya mwisho ni watu wawili waliobeba punda migongoni, wameinama kwa uzito. Goya aliziondoa picha zake sokoni baada ya siku si nyingi, na mwaka 1803 akampa mfalme bamba zenyewe.

Twaheshimu sana ushujaa wake. Ile kofia ya punda, aliyokuwa akivikwa mtoto maskini, Goya aliitwaa akamvika mwalimu, na tabibu, na bwana mwenye ukoo. Mwalimu asiyeweza kuitazama picha ya 37 bila kucheka na bila kuona haya kidogo, kazi yake ina hatari. Lakini ukiangalia vema, kofia ni ile ile, kilichobadilika ni kichwa. Goya bado akubali ya kuwa punda ni ujinga. Ni ile picha ya 42 peke yake inayotikisa neno lenyewe, kwa sababu pale punda si mjinga; ni mtu anayebebwa, na wabebaji ni watu. Nani basi ni burro pale, aliye juu au aliye chini? Kihispania humwita mtu afanyaye kazi nzito pasipo kupumzika burro wa mizigo, na kwa maana hiyo burro wako chini, wamevaa suruali. Maana mbili za neno zimepandana katika picha moja. Ingekuwa picha zote sita ni za namna hii, tungesema Goya amemaliza habari.

Lakini aliyemaliza habari alikuwa amekwisha kufa karibu miaka mia mbili kabla yake. Miguel de Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quijote mwaka 1605 na ya pili mwaka 1615. Kila mtu ajua ya kuwa farasi wa Don Quijote ana jina kubwa, Rocinante, lililofikiriwa siku nne. Punda wa Sancho Panza hana jina. Huitwa rucio tu, na hilo ni neno la rangi, rangi ya kijivu iliyopauka. Wengi hupita hapo wasiulize. Katika sehemu ya pili, Sancho akiwa mgeni katika nyumba ya mtawala, bibi mwenye nyumba asikia akimtaja rucio wake, akamwuliza ni kitu gani hicho. Sancho ajibu ya kuwa ni punda wake, ila hapendi kumtaja kwa jina la asno, ndiyo maana humwita kwa rangi yake.

Twaomba msomaji akae kidogo na jibu hilo. Sancho si mtu wa adabu za maneno; ni mtu wa shamba asemaye yamjiayo, naye amekwisha kuitwa asno na bwana wake si mara moja. Ajua neno hilo lina ladha gani linapokuangukia. Kwa hiyo hamwiti mnyama wake kwa tusi aliloitwa mwenyewe. Hilo ni tendo la upole ambalo Cervantes hakulipigia tarumbeta. Limo katika nusu ya sentensi, mbele ya watu waliomwalika Sancho ili wamcheke.

Tena kuna habari ya kijiji cha wale waliolia kama punda, nayo ni katika sehemu hiyo hiyo ya pili. Wazee wawili wa mji walikwenda porini kumtafuta punda aliyepotea. Wakaona njia iliyo bora ni kulia kama punda, mmoja huku na mwingine kule, ili mnyama aitikie. Kila mmoja alilia vizuri hata mwenziwe akamkimbilia akidhani amempata punda. Wakasifiana sana kwa ufundi wao. Punda alikuwa ameliwa na mbwa-mwitu. Habari ilienea, na watu wa vijiji jirani wakawa kila wakimwona mtu wa kijiji kile wanamlilia kama punda, mpaka wakatoka na silaha kupigana. Don Quijote akaja kuwatuliza kwa hotuba njema juu ya sababu zinazostahili vita, na walikuwa karibu kukubali. Ndipo Sancho akasimama kumsaidia bwana wake: akasema si haya kulia kama punda, yeye alipokuwa mtoto alikuwa hodari wa jambo hilo; akaziba pua, akalia hata mabonde yakarudisha sauti. Mtu mmoja aliyekuwa karibu akampiga kwa gongo, akaanguka.

Sancho hakusema uongo, wala hakukusudia ubaya. Alitenda kitu kile kile ambacho wazee walitenda kwa nia njema porini. Lakini sauti ilikuwa imekwisha kubadilika maana wakati yeye hayupo, na katika masikio ya wale watu haikuwa tena sauti ya mnyama. Hatujui mahali pengine ambapo mwandishi ameonyesha wazi hivi jinsi tusi lizaliwavyo: halimo katika sauti, limo katika historia ya wanaoisikia. Mfasiri aliyesoma sura hizo hawezi tena kuamini ya kuwa neno moja la kigeni lina neno moja la kwetu lililolingana nalo.

Na Cervantes hakuishia katika gongo. Baadaye Sancho apewa utawala wa kuchezewa, achoshwa nao, aamua kuuacha. Aenda zizini, amkumbatia rucio, ambusu usoni, asema naye kwa machozi kama na rafiki. Njiani waanguka wote wawili katika shimo. Don Quijote apita juu, asikia sauti ya Sancho kutoka chini, adhani ni roho ya mfu. Sancho aapa ya kuwa yu hai, wala haaminiwi. Hapo punda analia, na Don Quijote akakubali mara moja, kwa maana mlio ule aujua. Mlio uliomletea Sancho kipigo ndio uliomtoa shimoni, na kwa siku hiyo ushahidi wa punda ulizidi kiapo cha mtu.

Sasa twaja kwa Juan Ramón Jiménez, na kwa sentensi ya saba. Yeye ni mtu wa Moguer katika Andalusia. Platero y yo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1914 ikiwa pungufu, na kwa ukamilifu mwaka 1917, sura 138, nyingi zikiwa hazipiti ukurasa mmoja au miwili. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel. Kitabu ni habari za mtu na punda wake mdogo katika mji wao, mpaka punda anapokufa. Jambo la kwanza la kuangaliwa ni hili: sura ya kwanza yote yamweleza Platero, manyoya yake, macho yake, apendavyo kula, na neno burro halimo, wala asno. Msomaji ampenda kwanza, ndipo amjue ni nani. Hata jina lake, kama lile la Sancho, latoka katika rangi, rangi ya fedha.

Hatutaficha ya kuwa utamu wa kitabu hiki mara nyingine hutuchosha. Kuna machweo mengi mno, na maua mengi mno, na asali ikizidi hukinaisha. Wanaowapa watoto wadogo kurasa teule hutoa sukari wakaacha chumvi. Maana chumvi imo: yumo farasi mweupe mzee auawaye kwa ukatili, wamo watoto wanaomfuata mwandishi njiani wakimpigia kelele ya kuwa ni mwenda wazimu. Na imo sura fupi ambamo mwandishi asema alikuta katika kamusi neno asnografía, likielezwa ya kuwa ni maelezo ya punda, lisemwalo kwa dhihaka. Akakasirika. Aliona ya kuwa kama mambo yangekwenda kwa haki, watu wema wangeitwa punda, na punda wabaya wangeitwa watu. Wazo zuri, lakini tena ni kofia ile ile, imehamishwa kichwa.

Sura ya shule ni bora zaidi. Mwandishi awaza ingekuwaje kama Platero angekwenda pamoja na watoto katika shule ya wadogo. Angejifunza herufi, angejua mengi. Na bibi mwalimu angempigisha magoti, angemwadhibu. Mwandishi akataa kumpeleka. Amwambia atamfundisha maua na nyota yeye mwenyewe, wala hatavikwa ile kofia ya watoto wazito wa kuelewa, yenye macho makubwa ya rangi na masikio marefu mara mbili ya masikio yake mwenyewe, kana kwamba yeye ni kile ambacho watu wa shule hukiita burro.

Hapa ndipo kijana wetu alipokosa. Maneno yale madogo, yaonyeshayo ya kuwa jina hilo ni la kinywa cha wengine, aliyaona hayana kazi, akayaacha, akaandika tu "kama punda". Lakini Platero ni punda! Asomaye tafsiri hiyo aona punda akiahidiwa ya kuwa hatatendewa kama punda, naye atamcheka Jiménez kwa kuwa hakukumbuka alichokuwa akiandika. Katika Kihispania maneno madogo yale ndiyo sentensi yote. Burro wa shuleni si mnyama. Mnyama yu pale, amesimama, ana masikio yake ya kweli, mafupi kuliko ya kofia, wala hajatenda kosa. Masikio ya kofia yalishonwa na mtu.

Nasi hatuna budi kukiri jambo moja. Miaka mingi iliyopita, katika darasa la hesabu, tulimwita mtoto mmoja punda kwa kuwa alikosa hesabu iliyokuwa rahisi machoni petu. Darasa lilicheka, na sisi tulifurahi kwa kuwa lilicheka. Hesabu ile, tulipoitazama jioni, tuliona tulikuwa tumeiandika vibaya ubaoni sisi wenyewe. Kesho yake tuliisahihisha ubaoni. Neno hatukulisahihisha. Mtoto yule hakuinua mkono tena mpaka mwaka ukaisha, na alikuwa hodari.

Tulimrudishia kijana karatasi yake. Katika sentensi ya saba tulijaribu kwanza kuandika "mjinga", ikawa sahihi lakini masikio ya kofia yakapoteza maana. Tukajaribu "mtoto mzito", ikawa vivyo hivyo. Mwisho tulimwambia aliache neno punda mahali pake, ila ayarudishe yale maneno madogo aliyoyaona hayana kazi, ili ijulikane nani amwitaye mwenziwe hivyo. Akauliza kama hapana njia fupi zaidi. Tukamwambia hatukuiona. Aliondoka akiwa amesahau sentensi ya tatu, ambamo bibi mmoja wa Mexico bado amelaza shati juu ya mgongo wa punda, alipiga pasi.